Alizima Taa za Watu

Mshauri wetu, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo, na barua hii naiposti Busia ya upande wenu wa mpaka kwa sababu barua ya huku kwetu Tororo sijui huifungua nani.

Mimi ni mpiga picha wa harusi na maulidi, mwaka wa kumi na moja sasa, na nilikuwa peke yangu mjini mpaka alipotokea huyu Etyang wa Kiyeyi, ambaye juzi tu alikuwa analima muhogo, na leo kila bibi harusi anamtaka yeye, kwa sababu picha zake za rangi zinatoka safi na zangu zinatoka uso upande wa dirishani buluu, upande wa ndani manjano, na chini ya taa za tyubu watu wote kijani kama wamefufuka, hata mzee mmoja alinirudishia yake akasema, "Fundi, umenipiga sura mbili, mimi si mnafiki," na mtaa ukacheka wiki nzima. Filamu yetu ni moja, tunainunua duka moja huko Busia, kamera yangu inaishinda yake, na nikiingia ukumbini naagiza madirisha yafunguliwe na taa zote ziwashwe, tena nabeba balbu zangu mbili kubwa, lakini yeye kwenye harusi ya shemeji yangu aliingia mchana, akazima taa za watu, wageni wakanung'unika, akamsogeza bibi harusi dirishani, kazi kwisha, na mimi nikafurahi nikijua ameharibu. Picha zikaja. Mke wangu Mastula yumo katika moja, ameitundika sebuleni kwangu, juu ya zile nilizompiga mimi, na nilipomuuliza akajibu bila kunitazama, "Baba Zubaida, hapa ndiyo niko mimi. Kwa zako ni nani sijui." Nimeandika barua nyingine, ya kwenda kambini kwa wanajeshi, kwamba Etyang anavusha filamu za magendo, na iko katika mfuko wa shati langu siku ya nne. Niipeleke?

Mwenye Donge, Tororo

Mwenye Donge,

Ichome. Leo, jikoni, Mastula akikuona, kisha ndipo uendelee kusoma.

Umechoma? Sasa tugombane. Nimesoma mengi juu ya serikali za bunduki, na hakuna hata moja iliyodumu kwa bunduki tu. Zinadumu kwa watu kama wewe, wenye donge na kalamu. Unajua kuna wanaoingia kambini wasitoke. Unajua vizuri, ndiyo maana uliposti huku. Na filamu yako wewe ilivuka mpaka kwa kibali gani? Jina la mwenzako nimelibadilisha kabla ya kuchapa, wala si kwa kukupendelea wewe.

Kuhusu ile picha ukutani nakuhurumia. Maneno yale yanauma. Lakini jibu umeliandika mwenyewe na hukuliona: akazima taa za watu. Nilimsomea mpiga picha wa gazeti letu, akacheka. Filamu hiyo imetengenezwa kwa mwanga wa jua. Balbu inaitia manjano, tyubu inaitia kijani. Macho yako husamehe, filamu haisamehi. Ukichanganya mianga, uso mmoja hupata rangi mbili, na hata wanaosafisha picha hawawezi kukuokoa, maana wakipunguza manjano huku, buluu inazidi kule. Wewe unaongeza taa, mwenzako anachagua moja.

Basi mchana zima zote, utumie dirisha. Jua likizama tumia flashi, ambayo rangi yake ni ya jua, na umsogelee mtu ili flashi izishinde nguvu taa za dari. Balbu zako mbili mpe anayefuga vifaranga.

Kisha muombe Mastula aketi dirishani, umpige upya. Asipoitundika, rudia. Maana hata Etyang angeondolewa mjini kesho, ungebaki peke yako kama zamani, na watu wangeendelea kutoka kijani.