Kinywe Chini ya Kaburi la Baba

Kipawa, Jumanne

Nimemdanganya mama, na sijui kesho nitamtazamaje.

Kaka Festo alinipigia simu kutoka kijijini mchana. Kilima chetu kimekutwa na kinywe, lile jiwe jeusi linalochafua vidole kama penseli, na mgodi unaanza. Makaburi yote yanahamishwa Jumatatu, la baba likiwemo.

"Sie tumeshakubali, dada. Tungefanyaje?"

Mama yuko kwangu tangu aanze kutibiwa saratani, na daktari hataki asafiri. Kitu anachoniomba kila siku ni kimoja tu: akifa nimzike pembeni ya baba, pale kilimani.

Nilitaka kunyamaza, lakini aliona macho yangu yamevimba. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hayo mawe wanayafanyia nini?"

"Betri, mama. Za magari yasiyotumia mafuta. Wanasema hewa itakuwa safi."

"Ni jambo zuri. Na wakishamaliza kuchimba, watamrudisha baba yenu pale pale?"

Pale patakuwa shimo. Nilijua hivyo, na bado nikamwambia ndiyo, watamrudisha.

Akanishika mkono. Akasema basi itabidi ajikaze, asije akafa kabla hawajamaliza.

Nikitaka kumwambia ukweli, nitaanzia wapi? Wiki nzima amekuwa akizikataa dawa, ananigeuzia uso ukutani. Leo amezinywa zote, halafu akaomba uji.