Kwa Baba Yetu Ertie Isbister, Aliyeyaokota Maneno ya Baharini

Tk, tk. Mwaka umezunguka, Baba, tangu tuisikie mara ya mwisho sauti ya kidole chako kikigonga kioo cha kupimia hali ya hewa, pale ukutani karibu na mlango, giza la alfajiri bado limetanda hapa kisiwani Yell na sisi tumejifunika hadi masikioni. Tulikuwa tunanung'unika. Siku hizi naamka saa ileile, nasikiliza, na nyumba iko kimya.

Mama bado anapika supu yako ya kondoo wa kukaushwa, sufuria nzima, halafu anakumbuka. Anampelekea Mansie jirani.

Ulikuwa mvuvi kwanza, mwandishi baadaye. Ulipita nyumba hadi nyumba, peremende mfukoni, ukawasikiliza wazee wakisimulia jinsi baba zao walivyopiga makasia hadi nchi kavu isionekane tena, na vitu ambavyo havikutajwa kwa majina yake ndani ya mashua bali kwa mengine ya siri, bahari isije ikachukia. Kitabu kilipotoka, Mansie alikusubiri gatini.

"Ertie, bwana, umeyaanika yote! Sasa hata samaki watasoma, wakimbie."

"Waache wasome, Mansie. Wewe hata wasiposoma huwapati."

Mlicheka mpaka kivuko kikawaacha.

Mimi nakukumbuka zaidi kwa lile kapu la nguo. Nilipoanza masomo ya jioni ulisema, "Nenda mwanangu, usigeuke nyuma, huyu nitakaa naye." Nikirudi nakukuta wewe na mwanangu Osla mmejibana kapuni mbele ya moto, miguu yako ikining'inia nje, mnavua soksi kwa kamba kana kwamba ni samaki. Nikiuliza kama paka amekula, unaweka kidole mdomoni.

"Shh! Tuko baharini, mwanangu. Sema Mliaji."

Mtihani nilifaulu, Baba. Cheti nimekitundika chini ya kioo chako.

Ila nimeishi na hofu moja mwaka huu wote. Osla alikuwa mdogo mno ulipoondoka. Baridi ilipokuwa inaisha alisimama mbele ya picha yako akaniuliza, "Huyu mzee ni nani?" Nilimjibu, kisha nikatoka nje nikajifanya naangalia kondoo. Kitabu chako atakisoma akikua, hilo sina wasiwasi nalo. Lakini joto lako, harufu ya sweta lako, hicho kicheko, kitabu kitampa wapi?

Haipiti siku tusikutaje, na haitapita: mkeo Baabie, wanao Gibbie na mimi Wilma, mkweo Robbie, Mansie, ambaye hana tena wa kubishana naye, na mjukuu wako Osla.

Jumapili iliyopita Gibbie alitutoa sote kwa mashua yako mpaka pale ulipopenda kuzima injini. Akaizima. Maji yalikuwa yanapiga ubavuni polepole. Mwishowe Mama, ili mradi tu aseme neno, akauliza, "Jamani, paka tumemwachia maji?"

Osla aliinuka mapajani mwangu, akamziba bibi yake mdomo kwa kiganja.

"Babu alisema huyo baharini anaitwa Mliaji."