Maji Yaliyokataa Kwenda Mtoni

Nyacheki,
14 Septemba 1951

Kwa dada yangu mpendwa Bathsheba,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na mama mkwe wako, na kwamba ule mguu wake uliokuwa ukivimba umepata nafuu. Mimi mwili haujambo. Je, wimbi umekwisha kuvuna? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa?

Utashangaa kuona nimekuandikia Kiswahili badala ya lugha yetu. Nimefanya hivyo makusudi. Hapo nyumbani watu wa kusoma Kikisii ni wengi sasa, na barua hii nataka uisome wewe peke yako. Keti kwanza, dada.

Unajua kwamba tangu nitoke chuo cha kilimo nimekuwa nikitembea vijijini kufundisha watu kukata matuta milimani. Wengine wakiniona huficha majembe yao. Lakini mwezi wa Julai nilipewa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya, kukausha bonde moja chini ya Nyacheki. Ni bonde pana la matete, maji yamelala humo miaka yote na ng'ombe huzama. Mkubwa wangu Mzungu alinieleza nichimbe mtaro mkuu katikati, na mitaro midogo pande zote kama mbavu, maji yashuke mtoni, watu wapate mahali pa kupanda mboga wakati wa kiangazi. Alisema akija mwisho wa Septemba akikuta maji yanatembea, atanipandisha cheo. Akikuta yamelala, nirudi nyumbani nikalime shamba la baba.

Alipotaja jina la bonde lenyewe, nilimwomba alitaje tena. Kisha nikasema ndiyo, bwana.

Siku ya kwanza mimi na Nyasani, msimamizi wa wachimbaji, tulipiga vigingi arobaini na kufunga kamba kutoka juu ya bonde hadi mtoni. Nilifumba jicho moja nikaangalia, mstari umenyooka sawasawa. Asubuhi yake tulikuta vigingi vyote vimesimama, kamba haijakatika, lakini mstari umepinda katikati, umeelekea kichaka cha matete upande wa magharibi. Nyasi zilikuwa na umande ambao haujakanyagwa na mguu wa mtu wala kwato za ng'ombe. Nilimlaumu Nyasani, naye akawalaumu wachungaji. Tukanyoosha. Kesho yake umepinda tena, palepale. Mara ya tatu Nyasani alikataa kuishika ile kamba. Alisema inavuta.

Tulichimba hivyo hivyo kwa wiki mbili. Pimamaji yangu ilionyesha wazi kwamba mtaro unateremka kwenda mtoni, na pimamaji haijui woga. Lakini tulipofungua maji, yalishuka hatua chache, yakasimama, kisha yakaanza kurudi. Niliangusha jani la mgomba ili nijue kama macho yananidanganya. Jani lile lilipanda taratibu mbele yetu wanaume kumi na wawili, likakata kona, likaingia ndani ya matete. Watano waliosha majembe yao hapohapo wakaenda zao, na hawakurudi tena.

Mimi nimepanga kwa mjane mmoja mzee aitwaye Kemuma, ambaye nyumba yake inatazama bonde. Jioni ile tulipokuwa tukila aliniuliza, "Bwana Shamba, yule mtu wa kwenye matete mtamtoa lini?"

Nikamuuliza mtu gani.

"Yule anayekohoa," alisema, kama mtu anayemzungumzia jirani yake. "Ukungu ukishuka alasiri hukohoa, halafu huomba apewe mkono. Zamani nilikuwa nashuka kumtafuta. Siku hizi namwambia tu, ngoja mwanangu, wako atakuja. Si wa ukoo wetu huyo. Wa kwetu nawajua wote wanakolala."

Nilimuuliza alianza lini kumsikia. Akasema tangu mwaka ule vijana walipokuwa wakikamatwa kupelekwa vitani. Ndizi niliyokuwa nimeshika niliirudisha sahanini.

Siku iliyofuata nilikuwa peke yangu bondeni, napima kina, ukungu ukashuka. Nikasikia kikohozi. Kilikuwa karibu, hatua kumi hivi. Kisha sauti ikaniita, bila hasira, kama mtu anayekuita uje mle. Ilisema, "Karani."

Dada, wewe unajua ni mtu mmoja tu duniani aliyeniita Karani, kwa sababu ya ile penseli niliyokuwa nikiichomeka sikioni nilipokuwa shule.

Nilikimbia. Tena nilifanya jambo baya zaidi ya kukimbia. Niliwaambia watu wetu kwamba upande wa magharibi ardhi ni mbovu, na nikaamuru mtaro upinde kwenda mashariki, mbali kabisa na matete yale. Nyasani alinikumbusha kwamba upande ule ni juu zaidi, maji hayawezi kupanda. Nikamjibu kwamba mwenye cheti ni mimi. Alitikisa kichwa, akaingia mtaroni.

Siku ya pili ukingo ulibomoka naye yuko ndani. Tope lilimfika kifuani, likawa linamvuta huku tunamwona. Wengine walirudi nyuma kwa hofu. Nyasani hakupiga kelele. Alinitazama mimi, akainua mkono, akasema, "Nipe mkono, Bwana Shamba." Nililala kifudifudi nikamshika. Niliona mwenyewe nitaenda naye, lakini sikuachia, mpaka wale wengine wakapata moyo wakanivuta miguu, tukamtoa. Nyasani alikaa akitapika tope. Mimi nililia mbele ya watu kama mtoto, na hakuna aliyejua ninalilia nini.

Kesho yake niliwaambia tuyafuate maji yanakotaka kwenda.

Tulifyeka matete, tukachimba hadi saa tisa. Jembe la Nyasani likagonga kitu, akainama, akasimama pole pole. Huyo mtu alikuwa amesimama wima ndani ya tope jeusi, mkono mmoja juu. Nyama ilikuwa imekwisha, lakini mshipi wa ngozi ulikuwa mzima kiunoni, na kwenye mfupa wa mkono ule ilikuwapo bangili ya shaba iliyokunjwa ncha zake kama mkia wa kinyonga. Unaijua bangili hiyo. Wewe ndiwe uliyemvisha.

Tulipomtoa na kumlaza kwenye mkeka, tulisikia mtaro unanguruma nyuma yetu. Maji yalikuwa yamegeuka. Yalishuka mtoni alasiri yote, na hata sasa ninavyoandika yanashuka.

Basi, dada, nimefika pale nilipokuwa nikipazunguka kwa miaka tisa.

Mume wako Onyancha hakukamatwa. Hakupandishwa lori. Mwaka ule wa 1942, mimi naye tulipotoroka kwenda kutafuta kazi Kericho, askari wa chifu walitufukuza kutoka barabarani, tukaingia katika bonde hili na kutawanyika. Nilijificha hatua kumi kutoka kwake. Nilisikia alivyozama. Alikohoa, akaniita, "Karani, nipe mkono." Firimbi za askari zilikuwa juu yetu, nami nikabana uso wangu kwenye tope nikasema moyoni, nikisogea wataniona. Aliniita mara tatu. Askari walipoondoka nilimtafuta, lakini maji yalikuwa yamejifunga, yametulia, hayana hata alama.

Nilirudi nyumbani nikakuambia amechukuliwa vitani. Uliponitazama kwa macho yale nikaogopa utauliza zaidi, ndipo nikaongeza kwamba alisema, "Mwambie Bathsheba anisubiri." Wakwe zako walipotaka uingie nyumba ya ndugu yake, uliwajibu kwa maneno hayo. Vita viliisha, wenzake wakarudi, wewe ukaendelea kumtengea kikapu chake cha wimbi kila mavuno. Nami nikija kukusalimu, nakiona kikapu kile, nakunywa uji wako, naondoka.

Maneno yale yalikuwa yangu. Ya kwake ni mengine, na nitakupa kama alivyoyasema. Asubuhi ya siku ile tulikuwa tumeketi tunakula kiazi cha kuchoma. Akaniambia, "Karani, nikikamatwa, usimfunge dada yako. Mwambie asinisubiri. Bado msichana yule." Kisha akacheka, akasema najua atakasirika ukimwambia, mwache akasirike. Hayo ndiyo aliyoyasema, Bathsheba. Niliyageuza kwa sababu mtu asiyesubiriwa huulizwa kaburi lake liko wapi.

Nimekwisha kumweleza mzee wa kijiji, na ripoti yangu nimeiandika bila kuficha jina langu. Kazi wakiichukua, waichukue. Onyancha yuko nyumbani kwa Kemuma, amefunikwa blanketi jipya. Mama huyu amekataa azikwe huku. Anasema tangu tumtoe hajasikia kikohozi, lakini mtu aliyengoja hivi ni lazima achukuliwe na watu wake. Njoo na ndugu zake. Anayekuletea barua hii atawaonyesha njia.

Nisalimie mama mkwe wako. Mwambie mwanawe amepatikana, lakini haya mengine umweleze utakavyoona mwenyewe. Nisalimie na majirani wote wanaoniuliza. Bwana akutie nguvu kwa yale niliyokutwika.

Mtakapofika, nitakuwa nimesimama nje kando ya njia. Ukitaka kupita bila kunisalimu, pita tu, dada.

Ni mimi ndugu yako,
Nehemiah Nyangau