Sombe ya Rébecca

Bulengera, Butembo

Yaya Edmond, mukubwa wangu,

Huku mvua haiishi. Mutoto wako mupya anakunywa maziwa ya biberon vizuri. Njia ya Beni inaogopesha, njo maana hatukukungojea kwa kuzika.

Uliniuliza kwa téléphone bibi yako Rébecca alikufa namna gani wakati wa kupasuliwa kwa kuzaa. Mama yetu alikuwa karibu, sikuweza kusema.

Valentin, munganga wa kulalisha bagonjwa mbele ya kuwapasua, aliuliza kama Rébecca amekula. Mama akajibu, "Hapana, munganga." Kumbe alikuwa amemulisha bugali na sombe, majani ya muhogo, kwa siri, sababu kwake yeye mutu hawezi kupasuliwa na njaa. Kiisha nilikuta sahani chini ya kitanda.

Rébecca alipolalishwa, chakula kikapanda, kikaingia mu mapafu. Mashine ya kuvuta matapishi ilikuwa pale, lakini courant ya umeme hapana, na mafuta ya groupe, mashine ya kutoa umeme, ilikuwa imeisha. Mutoto tu njo alipona.

Mama hajui. Anasema roho yake imetulia kidogo, juu Rébecca hakukwenda na njaa.

Ukirudi, usimuulize kitu. Kula tu ile atakupikia.

Mudogo wako,
Adèle