Ngano Iliyokosa Jua

Nyumba za Wafanyakazi,
Shamba la Utafiti.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Watoto hawajambo? Lile goti lako limetulia, au bado linakutabiria mvua? Mimi mzima wa mwili. Tangu uhame na shemeji, nyumba imekuwa kubwa mno. Juzi nilijisahau nikapika chakula cha watu wawili. Nikala changu, cha pili nikakitazama tu.

Kazini msimu huu nilipewa vitalu vya ngano. Mtafiti wetu alitaka kujua kivuli kinaifanya nini, basi vingine tukavitandia neti nyeusi juu ya vigingi, vingine tukaviacha juani. Dada, ya kivulini ilirefuka upesi, nikaionea fahari. Kumbe ilikuwa inalitafuta jua. Ukishika bua, linapinda kama utepe.

Nikaanza kuihurumia. Siku hizi sina mwingine wa kumhangaikia. Nikamwomba mtafiti, "Niruhusu nifunue kitalu kimoja tu."

"Funua," akasema. "Ila naona tumechelewa, mama."

Nikakifunua kwa mikono yangu. Kila nikifika kazini nakipitia kwanza, kama mgonjwa niliyemlaza mimi.

Wiki iliyopita ikaja mvua na upepo. Kulipokucha, ya juani imesimama. Ya kivulini imelala chini, na kitalu changu vilevile. Mtafiti alipasua bua moja karibu na ardhi, akanionyesha kuta zake zilivyo nyembamba. "Lilikosa jua wakati linarefuka," akasema. "Jua la baadaye hulijaza suke, halirudi kulikomaza bua." Yeye alifurahi, jibu lake kalipata. Mimi nilijifuta pua nikasingizia mafua.

Wenzangu walipoondoka nilirudi pale, nikainama, nikaiambia ngano, "Pole, jamani."

Nyuma ya ua, mlinzi wetu, ambaye jino lilikuwa limemvimbisha shavu, akaitika, "Nimeshapoa, mama!"

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope. Alipokuja alinikuta machozi yananitoka, asijue ni ya kicheko au ya nini. Hata mimi sikujua. Alichuchumaa, tukaanza kuokota masuke.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako mwambie namkumbuka. Wabusu wanangu. Mungu awape usingizi mtamu na riziki isiyokatika.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikinyamaza,
Kitindamimba.