Kambo, Leo Héritier Amemaliza Kilo

Kambo, bibi yangu,

Leo mjukuu wako Héritier amemaliza kilo. Ametimiza miaka mitano, na muuguzi amefunga fishi yake ya kupimia akasema huyu sasa ni wa shule, asirudi tena kwenye benchi la watoto wachanga. Nilitaka wewe usikie kabla ya wengine, maana ni wewe uliyembeba mgongoni kila mwezi mpaka kituo cha afya, siku ya kupima watoto, mama akiwa Kamatanda anawauzia wachimbaji ugali wa bukari na maharage. Mimi nilikuja nyuma na fishi ndani ya mfuko wa plastiki. Kazi yangu ilikuwa kukusomea Kifaransa chake.

Unakumbuka ile mizani ya kuning'inia, na kaptula yake ya kitambaa? Mdogo wangu alikaa humo kama kuku wa sokoni, akipiga kelele, na wewe ukijivuna: "Musikie vile analia. Mutoto mugonjwa hawezi kulia hivi."

Kilo uliipenda. Shida ilikuwa libaya, ule ubao wa kumlaza mtoto, kichwa kikiguswa upande mmoja na kipande kingine kikisukumwa mpaka kwenye nyayo, ndipo wasome urefu wake. Siku ya kwanza ulimnyakua kabla mgongo wake haujaugusa ubao.

"Mutu wa kulalishwa pa libaya na kupimwa, ni mufu," ulisema mbele ya akina mama wote. "Huyu mutoto haiko mufu."

Mmoja akacheka. "Kambo, hii ni ya kupimia tu. Haiko sanduku."

"Na weye, ulishaona sanduku inaanza namna gani?"

Mimi nilijua ulikotoa neno hilo. Babu alikuwa seremala, na watoto wenu wawili waliofariki aliwapimia sanduku kwa mikono yake mwenyewe. Uliniambia mara moja tu, tukitwanga majani ya sombe, na hukurudia.

Basi kila mwezi kilo iliandikwa na nafasi ya urefu ikabaki tupu. Muuguzi akakugombeza: "Kilo inasema habari ya leo. Urefu njo inasema habari ya tangu azaliwe." Wewe uliinamisha kichwa. Mimi sikuvumilia kukuona umeinamisha kichwa, na hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho sikukuambia mpaka umeondoka.

Héritier alikuwa na miezi kumi na mitatu. Tukiwa tunangoja zamu, nilichungulia fishi ya mtoto wa jirani, yule mnene aliyekaa karibu yetu, nikaona urefu wake, sentimita sabini na sita. Nikaichukua hiyo namba, nikaiandika kwenye fishi ya Héritier na kalamu yangu ya shule. Muuguzi alidhani mwenzake amempima. "Vizuri sana, Kambo," akasema. Uliinua kichwa, na njiani ukaninunulia maandazi. Niliyala yote, na hiyo ndiyo inayonitia aibu zaidi.

Baadaye nikaanza kuona. Sweta aliyoivaa akiwa na miezi sita ilimtosha bado, mikono haikupanda hata kidogo. Majirani walisema una bahati, mtoto asiyemaliza nguo. Ulicheka nao. Mimi sikucheka. Mtoto wa jirani alishaanza kushika meza na kuvuta sahani, na Héritier alipita chini ya meza hiyohiyo bila kuinama.

Unajua nilivyokuwa. Mgeni akiingia nyumbani, mimi nyuma ya mlango, nikinong'ona. Ulizoea kuniuliza, "Weye mutoto, hii sauti uliazima kwa nani? Rudisha, ukamate yako." Lakini siku ya kilo iliyofuata nilimsogelea muuguzi nikamwambia kila kitu, kwa Kifaransa, ili usielewe. Hakupaza sauti. Alinijibu kwa Kifaransa vilevile kwamba basi leo tuujue ukweli.

"Munasema nini?" ukauliza.

"Namuambia libaya ni safi, Kambo."

Uongo wa pili, na wa kwanza haujapoa.

Ndipo nikavua viatu nikalala juu ya libaya. Msichana wa miaka kumi na miwili, na sare ya shule, magoti nje, miguu ikigusa sakafu. Benchi lote lilicheka. Nilitaka sakafu inifunike, lakini nilikuuliza kutoka pale chini: "Kambo, niko mufu?"

Ulisogea mpaka kwenye libaya.

"Mufu haulizake," ukasema. Ukafungua kitenge, ukamtoa Héritier.

Sabini na mbili. Muuguzi alitueleza kwamba kilo zake zilidanganya macho, kwamba mwili ulikuwa umebaki nyuma tangu zamani, na kwamba muda ulikuwepo bado. "Bukari tupu inajaza tumbo. Hairefushe." Toka siku ile ulikuwa askari wa sufuria: samaki wadogo wa ziwa Tshangalele uliowasaga mpaka unga, soya, karanga, na yai. Siku baba aliponyoosha mkono kwenye yai la Héritier ulimpiga kijiko kwenye vidole, mtu mzima, mbele ya wageni.

Na mstari ukapanda. Kwanza kwa uvivu, halafu kwa haraka, na wewe, wewe mwenyewe, ukaanza kuwagombeza wenye kuogopa libaya. Siku alipopimwa akiwa amesimama mara ya kwanza, ulirudi nyumbani ukachukua kaa la moto lililozima, ukatia alama yake kwenye mlango. Halafu ukajipanga hapohapo, mgongo kwenye mbao, kilemba umevua.

"Na miye munipime. Ningali muzima."

Mwaka jana, fundi wa sanduku alipokuja kukupima na mita yake, nilitoka nje. Nikaenda kuangalia alama yako ya mlangoni. Hiyo ndiyo ninayoihesabu.

Leo muuguzi aliniomba niwasomee akina mama fishi ya Héritier. Nilisimama, Kambo. Niliwasomea namba zote, na nilipofika kwenye ile sabini na sita iliyokatwa kwa mstari, nikawaambia kwa Kiswahili, bila kunong'ona, nani aliiandika na kwa nini. Mwanamke mmoja mpya, aliyekuwa amemkumbatia mtoto wake mbali na libaya, alinyanyuka akaenda kupanga foleni.

Jioni Héritier alijipanga kwenye mlango. Amekuwa wa wastani sasa, kama watoto wengine wa rika lake. Alitazama alama yako juu yake, akajiinua kwa ncha za vidole, akaniita mimi dada yake.

"Yaya, bado kidogo namufikia Kambo."

Nilimshika mabega. "Shusha visigino," nikamwambia. "Hapa tunaandika ya kweli." Akashusha, nikatia alama, na bado ilikuwa juu ya ile yake ya mwisho.

Lala vizuri, Kambo. Alama yako hatutaipaka rangi.

Ni mimi, mjukuu wako mkubwa. Ile sauti nimeirudisha.