Nyeusi ya Juu, Nyeusi ya Chini

Papa yangu,

Tangu ulituacha, mu Likasi muzima kumebaki paka mwanaume mumoja tu mwenye anajua televizyo, na ule mwanaume njo minye, mutoto wako Kabwe. Usicheke. Kutoka Panda mupaka Kakontwe, televizyo ikigonjwa bantu banataja paka jina yangu tu na inapona kwa woga. Juzi umeme ilikuwa imekatika mu kamp yote ya bafanyakazi. Nikapita karibu na transfo, ile mashini ya kugawa umeme, nikaipiga jicho moja, umeme ikarudi. Bantu bakapiga makofi. Minye nikainua mukono polepole, sawa ministre anashuka mu ndege.

Najua kile ungesema. Ungesema sawa vile ulikuwaka unasema kila mara: “Kabwe, kama kinywa yako ingekuwa mashini, kampuni ingelipa bantu bote.”

Basi, kampuni hailipe, Papa. Mishahara haikuye tena. Ile sirene yenye ilikuwaka inatuamusha asubui imenyamaza, na sasa tunaamushwa na jogoo ya Mama Mado, jirani yetu, jogoo yenye haijue saa hata kidogo. Nyumba ya sinema ya kamp, mule ulikuwa unaonesha filme miaka yote ile, imefungwa. Madirisha yametolewa, na mabenchi yamekuwa kuni mu jiko za bantu. Ingine ya ile mabenchi iko kwetu. Usiulize ilitembea namna gani.

Lakini tulibaki na televizyo yako na video yako. Mu chumba ya mbele nimepanga mabenchi, na ku mulango nimeandika na chaki: VIDEO YA PAPA. Herufi zimelala kidogo, lakini zinasomeka. Kila siku, saa ya kula ikipita, bantu banaingia, mukubwa na mudogo, na kile banaleta njo kinapeleka Mama ku Kapolowe kutafuta bunga ya ugali. Kifungo ya kuwashia iko na ile alama yako bado, ile nukta ya rangi ya kucha uliweka juu Mama asikosee. Siachie muntu mwingine kuigusa. Njo minye mwenyewe ninaifinya, na kila mara kidole yangu inakaa pale zaidi kidogo kuliko inavyolazimu. Ni juu ya kazi, si juu ya kitu kingine.

Mwanzoni ilienda muzuri sana. Kisha nikapata kaseti mupya, filme ya vita na farasi. Nikaisifu mu soko mupaka sauti ikakauka. Bantu bakajaa mupaka ku madirisha. Nikafinya kifungo, na ona, Papa: picha ikakuya katikati sawa mukanda ku tumbo. Juu nyeusi. Chini nyeusi. Farasi zilikuwa ndogo sawa panya.

Dodo njo alianza. Unamukumbuka Dodo, golkipa wetu mwenye anaruka bao ikisha kuingia. Alisimama na kulalamika: “Kabwe, toa karton yako pale! Unafunika nusu ili utuoneshe ile ingine kesho na tulipe tena!” Akakuya na kitambaa yenye maji, akapangusa ile nyeusi ya chini mupaka kioo ikalia. Haikutoka. Akalala ku simenti, shavu chini, akaangalia kutoka chini kuenda juu, kwa kuwa alitaka kuona miguu ya mwanamuke wa ku filme. Bantu bakamuuliza: “Dodo, amevaa viatu ya namna gani?” Na yeye, bila haya: “Mungoje kwanza, farasi inapita.”

Mama Mado, yeye, alikuya na Bibilia mu kapu. Akasema mbele ya bote: “Kwiko kintu banafunika. Kama ni kintu kizuri, banafunika juu ya nini?” Kisha akaketi benchi ya mbele kuchunga batoto wasione mubaya. Alichunga sana. Alichunga mupaka filme ikaisha, na alikuya kuchunga tena kesho yake.

Lakini bantu bengine habakurudi. Mu soko bakaanza kusema VIDEO YA PAPA ni video ya nusu. Jina yako, Papa! Kwa mabenchi yangu nikabaki na Mama Mado, mutoto mumoja wa kulala, na jogoo.

Njo pale Mama akasema. Kule Kapolowe kwiko muntu wa bunga mwenye aliona televizyo yetu na akaipenda. Atatoa mifuko ya kutosha mupaka mvua ikuye. Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hata hakuinua macho: “Kabwe, siku ya soko, ule muntu anapita. Kama chumba iko bila bantu vile, minamupatia televizyo na video yake. Batoto habakule filme.”

Nilimujibu: “Mama, niachie minye.” Weye unajua hii sauti yangu. Ni ile nilitumia siku niliahidi kuleta mbuzi na nikaleta kamba.

Nikafungua televizyo ku mugongo. Nyuma kwiko visi, misumari ndogondogo ya kuzungusha, na minye nilijiambia, moja kati ya hizi lazima njo ya kufukuza nyeusi. Nikazungusha moja. Picha ikaanza kuvutika kuenda juu na chini, nyeusi ikapotea! Nikaita bantu na kiburi. Bakaingia, bakaona masoldat barefu sawa mikaratusi, na farasi iko na shingo inafika mu mbingu. Mwanamuke wa ku filme alikuwa na kichwa sawa muhogo. Bakacheka mupaka Dodo akaanguka ku benchi. Nikataka kuirudisha haraka, mukono ikagusa mahali haipaswi kugusa, na ile televizyo ikanirusha mupaka ku mulango. Picha ikabaki mustari mumoja mwembamba wa mwangaza. Papa, pale moyo yangu ilisimama. Si juu ya umeme. Nilifikiri nimekuua mara ya pili.

Niliirudisha, usiogope. Ilinikula mangaribi muzima, ulimi inje, sawa mutoto anajifunza kuandika. Lakini pamoja na picha, nyeusi ikarudi, juu na chini, muzima na afya njema.

Siku ya soko ilikuwa karibu. Nilitoka nitembee, na miguu ikanipeleka yenyewe ku nyumba ya sinema. Mulango moja ilikuwa imevunjika, nikaingia. Mule ndani mulibaki ukuta nyeupe tu, na pembeni ile kamba yako ya mapazia, inaning’inia bado. Nikaishika.

Na nikakumbuka. Siku ya filme ndogo ya zamani, mapazia nyeusi ilikuwaka inakaa karibu, kuume na kushoto, na picha iko katikati sawa dirisha. Lakini siku ya filme kubwa, unavuta kamba, na mapazia inaenda, inaenda, na sisi batoto tunasimama ku mabenchi tunapiga kelele: “Inaendelea! Inaendelea!” Ukuta unafunguka sawa barabara. Na minye nilikuwa nawaambia bote: “Ule mwenye kuvuta, ni Papa wangu.” Hata benye habakuniuliza.

Nilisimama pale na kamba mu mukono, na nikaanza kucheka peke yangu. Papa, nyeusi ilikuwako tangu zamani! Ulikuwa unaiweka ku pembe, njo vile hatukuiona. Filme kubwa ni ndefu kwa upana, sawa mukeka wa bantu wengi. Nyumba ya sinema ilikuwa na ukuta wa kuitosha. Ulikuwa na kamba ya kufungua. Televizyo ni sanduku, kimo yake na upana yake karibu sawasawa, na haina kamba. Sasa ule mukeka muzima unataka kuingia mu sanduku. Utafanya nini? Ao unakata ku pembe ujaze sanduku, ao unaupunguza wote mupaka mabega yake yaguse kuume na kushoto. Ukiupunguza, umepungua kwa kimo pia, na juu na chini kunabaki nafasi. Hakuna muntu alifunika kintu pale. Hakuna kintu cha kufunika. Nyeusi ni alama ya kwamba hawakukata.

Nilikimbia nyumbani sawa mwizi.

Siku ya soko asubui nikatangaza mu kamp yote: “Leo Dodo ataona chini ya nyeusi! Bure!” Bakakuya, oh, bakakuya. Na muntu wa bunga alikuya pia, akasimama ku mulango na mikono ku mugongo, anaangalia televizyo sawa muntu anaangalia mbuzi yake.

Nilikuwa nimekata karton, katikati nimefungua dirisha moja kadiri ya televizyo. Nikasimamisha bantu mustari mumoja ku ukuta wa inje: Dodo ku mwisho wa kuume, Mama Mado ku mwisho wa kushoto na jogoo mu mikono, na dada zangu bote babili katikati. Karton nikamupatia Mama, juu ni yeye njo muamuzi. Nikamusimamisha karibu nao. “Mama, jaza dirisha. Kutoka kichwa mupaka miguu. Unaona nani?”

“Naona batoto yangu.”

“Na Dodo? Na Mama Mado?”

“Hawako.”

Mama Mado akakasirika kweli: “Niko hapa! Munanikata juu ya nini, minye mwenye nilikuya wa kwanza?” Jogoo pia akalia.

Nikamurudisha Mama nyuma, hatua kwa hatua, mupaka akasema: “Sasa naona bote. Hata jogoo.” Nikamuuliza: na juu ya vichwa vyao? “Ukuta.” Na chini ya miguu? “Udongo.” Nikageukia bantu, kifua mbele, sawa padri siku ya Pasaka: “Njo ile! Mu filme, muntu wa kupiga picha hakuchukua ile ukuta na ile udongo, na televizyo haiwezi kuzitunga. Pale inabaki nyeusi. Munataka niitoe? Sawa. Museme wenyewe tukate nani: Dodo ao Mama Mado?”

“Dodo!” bote pamoja. Hata mama yake.

Basi tukaingia ndani, na nikaweka ile ya farasi. Hii mara habakuangalia nyeusi. Baliangalia pembe. Ku mwisho wa kushoto, kule nyuma, kwiko soldat mumoja mudogo anakula muhindi wakati benzake wanapigana, na chumba yote ikapasuka na kicheko. Dodo akasema: “Kama Kabwe angejaza, huyu mulafi hatungemujua.” Muntu wa bunga alikuwa ameketi. Alilipa sawa bote. Filme ikisha, akamuuliza Mama kuhusu televizyo, na Mama akamujibu: “Haiuzishwe. Iko na kazi.”

Haiuzishwe, Papa! Sasa mbele ya kila filme, nikikaribia kufinya kifungo, batoto banasimama ku mabenchi na banapiga kelele “Inaendelea! Inaendelea!” Habajue neno hii ilitoka wapi. Minye najua.

Bunga iko. Si mingi, lakini iko. Dada zangu wamerudi ku masomo. Mama ameanza tena kuimba akifua nguo, polepole, mistari ya kwanza tu. Na minye nitakuambia hivi: siku moja nitafungua ile nyumba ya sinema. Nitaweka madirisha, nitarudisha mabenchi yote pamoja na ile yenye ilitembea, na ile kamba nitaivuta minye mwenyewe, mupaka mwisho wa ukuta. Chukua hii ahadi yangu uiweke kwako. Si ile ya mbuzi. Lala muzuri, Papa. Tuko. Bote tuko.

Ningeweza kuacha hapa, na ingekuwa barua nzuri. Lakini kwiko neno moja ya Mama sikuiandika.

Siku ile, bantu walipomaliza kucheka, Mama alibaki na karton ku uso. Akageuka polepole, akaangalia kupitia mulango mupaka ndani, ku ukuta, kwenye foto yako inaning’inia. Akaiambia ile foto kwa sauti ya chini: “Kumbe na weye njo vile balikufanya, balijaza.”

Unakumbuka ile foto fotografe alitupiga mbele ya nyumba ya sinema? Weye ku upande moja, minye mbali kidogo, mikono ku kiuno, najifanya mukubwa, na mukono yako murefu imevuka mupaka ku bega yangu. Ilikuwa ile moja tu ya sisi babili. Wakati wa kilio yako, fotografe aliniuliza, kwa kuwa kadre, ile mbao ya kuzungusha foto, ilikuwa ya kusimama na foto ilikuwa ya kulala: aache nafasi juu na chini, ao ajaze? Bantu balikuwa banaangalia. Sikutaka baone Papa wangu mudogo katikati ya nafasi tupu. Nikamuambia: “Jaza.” Kisha, ule mwaka bantu balifukuzwa mu muji, fotografe alipanda treni na bengine bote benye balifukuzwa, na foto ya kwanza, ile yenye haikukatwa, ilienda pamoja naye mu sanduku yake.

Uko mukubwa mu kadre, Papa. Unajaza mupaka ku pembe. Na kule ku pembe kwiko vidole vyako, vimeshika bega ya muntu mwenye haonekane.

Ile bega ni yangu.